Mchezo Maarufu na Mtu Unayekwenda Naye

Kuna swali ambalo hunifikia mara kwa mara, kwa barua na kwa mdomo. Mtu akijaliwa likizo fupi na fedha kidogo, naye akataka kuipeleka jamaa yake kutazama mchezo wa kuigiza mjini, achague mchezo gani? Wengi hujijibu wenyewe kabla sijafungua kinywa: "Ule unaosifiwa na watu wote." Leo nataka kuonyesha kwa nini jibu hilo halitoshi, na nitaanza na jambo lililowapata majirani zangu hapa Mutanga Nord.

Jirani yangu ni mwanajeshi. Alikuwa miongoni mwa askari wa Burundi waliotumikia Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, kazi ambayo nchi yetu iliianza Desemba 2007. Alirudi mzima, tukamshukuru Mungu. Mke wake alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo kutoka katika fedha za matumizi ya jikoni, ili siku moja watoke pamoja na binti yao mkubwa anayesoma sekondari. Wakati huo mchezo mmoja ulikuwa ukivuma mjini, na ukumbi ulikuwa ukijaa kila usiku.

"Baba watoto," mama yule alisema, "mji mzima unauzungumzia. Tubaki sisi peke yetu?"

Wakaenda, nami nikaenda pamoja nao. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mchezo unahusu nini.

Katika sehemu ya pili taa zilizimwa ghafla, na nyuma ya pazia mabati yakapigwa mfululizo kuigiza mlio wa bunduki. Watu walishangilia. Jirani yangu akainuka gizani, akapita mbele ya magoti ya watu, akatoka nje. Mke wake hakujua amfuate mumewe au abaki na mtoto. Mchezo ulipokwisha tulimkuta amesimama kando ya barabara, mikono mifukoni.

"Mama watoto, mchezo si mbaya," alisema. "Sikuambiwa tu."

Neno hilo, "sikuambiwa", ndilo somo langu la leo.

Sisemi kwamba sifa za watu ni bure. Mjini London mchezo wa The Mousetrap ulioandikwa na Agatha Christie ulianza kuonyeshwa mwaka 1952, na ni maradhi ya Korona tu yaliyousimamisha mwaka 2020. Mwaka uliofuata ukaendelea. Mjini New York mchezo wa nyimbo uitwao The Phantom of the Opera ulidumu tangu Januari 1988 hadi Aprili 2023, ukaonyeshwa mara 13,981. Mchezo mbovu haufiki huko. Lakini sifa hutueleza kwamba wengi wameupenda. Hazitwambii iwapo mtu wetu, mwenye moyo wake na mambo aliyoyapitia, ataweza kukaa mbele yake.

Sisi Warundi wengi tulijifunza kupenda maigizo kwa njia ya redio. Ni nani aliyekuwa mtu mzima miaka ile asiyeukumbuka Umubanyi niwe muryango, yaani jirani ndiye ndugu, mchezo wa Marie-Louise Sibazuri ulioanza kusikika mwaka 1997? Lakini redio ina kifundo chake; jambo likikuchoma, unakizungusha na kuizima. Katika ukumbi hakuna kifundo. Umelipa kiingilio, umezungukwa na watu, na mlango uko mbali. Kwa hiyo anayechagua mchezo wa jukwaani hana budi kuuliza mapema, na mimi napendekeza maswali matatu.

Swali la kwanza: mchezo unahusu nini, na ni jambo gani zito lililomo ndani yake? Chukueni mfano wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Ni miongoni mwa tamthilia kubwa kabisa za Kiswahili. Inahusu Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, siku ambazo Burundi nayo ilikuwa chini ya Wajerumani hao hao. Mwanafunzi wa sekondari akiitazama pamoja na baba yake watapata mazungumzo ya juma zima. Lakini ndani yake wamo watu walioaminishwa kwamba risasi zitageuka maji, nao wakaziendea kwa vifua wazi. Mtu aliyetoka vitani karibuni aelezwe hayo kabla, kisha aamue mwenyewe.

Wala msidhani kwamba michezo ya watoto haina uzito. The Lion King, ulioanza New York mwaka 1997 na London mwaka 1999, hupendwa na watoto wa dunia nzima, na mtoto wetu hufurahi kusikia jukwaani maneno yake mwenyewe: simba, rafiki, hakuna matata. Hata hivyo, katika mchezo huo mwana wa simba humwona baba yake akifa, kisha husingiziwa kwamba yeye ndiye chanzo cha kifo hicho. Katika nyumba za askari na polisi wamo watoto waliofiwa na baba zao kazini. Shangazi au mjomba anayeishi ng'ambo na kutaka kumpeleka mtoto wa namna hiyo asimfiche. Amweleze nyumbani, kwa upole, mchana, na amwambie pia jinsi hadithi inavyokwisha. Mtoto aliyeambiwa hulia kidogo na kuendelea kutazama. Asiyeambiwa huondoka na jambo hilo kifuani.

Swali la pili: mchezo unachezwa kwa lugha gani? Hili hudharauliwa sana. Mnamo mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, ukachezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Wenyeji walimiminika kuutazama kwa sababu uliwasemesha kwa lugha yao. Serikali ya wakati ule iliupiga marufuku, na Desemba ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mchezo huo ulirudi mwaka 2022 katika ukumbi wa taifa wa maigizo mjini Nairobi, safari hii ukichezwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza pia. Mgeni aliyekwenda bila kuuliza lugha ya siku hiyo angeweza kulipa kiingilio akaambulia kutazama midomo tu. Hapa kwetu Bujumbura ni vivyo hivyo. Michezo mingine ni ya Kifaransa, mingine ya Kirundi. Si haki mume aliyesoma amchagulie mkewe aliyeacha shule mapema mchezo ambao itambidi acheke kwa kuwaigiza waliokaa karibu naye.

Swali la tatu: mchezo unakwisha saa ngapi, na mtarudije nyumbani? The Lion King, kwa mfano, huchukua kama saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Kwa mtoto mdogo huo ni muda mrefu. Na sisi tunaokaa upande huu wa mlimani twajua kwamba basi la usiku halimsubiri mtu. Heri mchezo wa kawaida wa alasiri mkarudi mkiongea njiani, kuliko mchezo maarufu wa usiku mkautazama huku mkihesabu dakika.

Mtauliza, ni nani wa kutujibu maswali hayo? Mwulizeni aliyekwisha kuuona. Lakini msimwulize kama ni mzuri, mwulizeni kuna nini ndani yake. Someni tangazo lote, si jina na picha peke yake. Mara nyingine jina lenyewe hutosha. Tamasha la maigizo la hapa mjini liitwalo Buja Sans Tabou latangaza wazi kwamba halitaona haya kusema yanayofichwa. Anayekwenda na mama mkwe wake asije akalalamika baadaye. Na mkiwa bado na shaka, ulizeni mlangoni.

Ndivyo walivyofanya majirani zangu miezi kadhaa baadaye. Safari hii ulikuwa mchezo wa Kirundi, wa kuchekesha, wa alasiri. Mama yule alimwuliza kijana wa tiketi kama kuna mlio wowote wa bunduki. Kijana alicheka. Kisha akamtazama mume, akaacha kucheka, akaingia ndani kuwauliza waigizaji. Aliporudi alisema, "Upo mmoja, mzee. Karibu na mwisho, mwizi anapokimbizwa. Ni ngoma tu."

Mke akataka warudi nyumbani. Mume akafikiri kidogo, akasema, "Tuingie." Akachagua kiti cha mwisho wa mstari, karibu na mlango. Mwizi alipoanza kukimbia, nilimwona akimshika mkewe mkono. Ngoma ikapigwa. Hakutoka. Mwizi alipotumbukia katika pipa la pombe, jirani yangu alicheka pamoja na ukumbi wote, na binti yake akageuka kumtazama baba yake badala ya kutazama jukwaa.

Mchezo ule hausifiwi sana mjini, wala sidhani kwamba utadumu miaka mingi. Kwa watu wale watatu, siku ile, hapakuwa na mwingine bora.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.