Kiti cha Kaimu

Leo nataka tusemezane juu ya kaimu, hasa yule ashikaye kazi ya matangazo katika shirika kubwa la usafiri, kama Shirika la Reli la Kenya.

Sisi wa Migori na Homa Bay hatuna reli. Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, msafiri wetu hana budi kufika huko kwanza, zamani kwa meli za ziwani, siku hizi kwa basi. Basi gari la moshi la abiria liliporejea Kisumu mwezi Desemba 2021, mkulima wa Rongo alihitaji habari ya kweli ya siku na saa. Akipewa habari mbovu, nauli yake imepotea, naye atalala mjini kwa gharama.

Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 yasema mtu asikaimu zaidi ya miezi 6. Ni vyema, kwani aliyekalia kiti cha kuazima huogopa kunena. Mimi nami nilipata kukaimu katika ofisi moja. Nilizuia tangazo siku mbili nikimngoja mkubwa, na watu wakasubiri bure kituoni. Hata leo naona haya.

Enyi makarani mnaokaimu, cheo chenu ni cha muda, lakini hasara ya msafiri hairudishwi. Semeni kweli, tena mapema. Na wakubwa nao wasimwache mtu akikaimu mpaka asahaulike.