Jembe na Kibali

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa jembe Ulyankulu, mkoani Tabora. Kisha Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Pamoja na jembe lilikuja sharti: waishi ndani ya makazi hayo, wasitoke bila kibali. Familia iliyotoka Burundi ilifyeka msitu, ikalima, ikajilisha, ikazika wazee wake papo hapo.

Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao walikubaliwa uraia wa Tanzania. Hapo sharti likageuka. Waliokatazwa kutoka kwa zaidi ya miaka thelathini sasa waliamriwa watoke, watawanyike mikoani, ndipo wapewe vyeti. Miaka ikapita, vyeti havikutoka. Nao wasiojua watalala wapi mwakani hawapandi mwembe.

Mwaka 2014 serikali ilianza kugawa vyeti, ikawaruhusu kubaki walipo.

Yafaa askari na jamaa zake wazingatie tofauti hii. Mkimbizi hufungwa na sharti la makazi, naye hana budi kulitii. Lakini raia, awe wa kuzaliwa au wa tajnisi, ana haki ya kuishi popote nchini kwa ibara ya 17 ya Katiba. Kwenye kizuizi cha barabarani, basi, kinachokaguliwa ni cheti, si lafudhi.