Dogo wa Chicago Kafeli? Futa Majina, Soma Namba

Kuna mchezo mmoja mitandaoni hauna msimu wala mapumziko: kumpandisha kijana juu mpaka mawinguni, kisha kumwondolea ngazi. Safari hii zamu imemwangukia dogo mmoja wa hoki ya barafuni kule Chicago, jezi namba 98. Jina halitajwi hapa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Juzi tu alikuwa mkombozi. Akiwa na miaka 17, kwenye ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada, alipiga goli 71 na asisti 72 katika mechi 57. Kwa wageni wa hoki: goli ni pointi moja, asisti ni pointi moja, kwa hiyo hapo kuna pointi 143. Kwenye mashindano ya dunia ya vijana yaliyoisha Januari 2023 akavuna pointi 23 ndani ya mechi saba tu, Kanada ikabeba dhahabu. Juni mwaka huohuo Chicago wakamchukua namba moja, kabla ya kijana mwingine yeyote. Mitandao ikalipuka. Mfalme kapatikana!

Misimu miwili baadaye, walewale waliomvisha taji ndio waliomuita garasa. Eti dogo alikuwa kiki tu. Eti Chicago wamepigwa. Eti yule wa San Jose aliyekuja mwaka mmoja baada yake ameshamfunika. Na wanaosema haya wengi wao hawajakaa kutazama mechi nzima, wameona klipu ya sekunde kumi na tano na namba moja iliyokatwa kutoka kwenye jedwali.

Haya, namba wanazitaka. Wapewe namba.

Futa majina kwanza

Hawa hapa vijana watatu. Wote walichaguliwa namba moja katika mwaka wao, wote waliingia NHL wakiwa na miaka 18.

Kijana A: mwaka wa kwanza mechi 68, pointi 61. Mwaka wa pili mechi 82, pointi 67.

Kijana B: mwaka wa kwanza mechi 82, pointi 63. Mwaka wa pili mechi 64, pointi 38.

Kijana C: mwaka wa kwanza mechi 61, pointi 21. Mwaka wa pili mechi 56, pointi 31.

Sasa chagua garasa. Usiharakishe, jumlisha taratibu. A ana pointi 128 kwa mechi 150. B ana 101 kwa mechi 146. C ana 52 kwa mechi 117.

Kijana A ndiye huyo huyo dogo wa Chicago anayechambwa kila siku.

Kijana B ni yule mwamba wa Denver. Mwaka wa tatu alipata pointi 52, mwaka wa nne 53, na timu yake ikamaliza ya mwisho kwenye ligi nzima. Miaka minne! Kwa sheria za mitandao ya leo angeshazikwa na matanga yakaisha. Mwaka wa tano akapiga 97. Mwaka 2022 akanyanyua Kombe la Stanley. Msimu wa 2023-24 akafikisha pointi 140 na kutajwa mchezaji bora wa ligi. Wapenzi wa hoki wa Nairobi wanamjua vizuri: mwaka 2018, timu ya Kenya inayofanyia mazoezi kwenye uwanja wa barafu wa hoteli moja jijini humo ilipelekwa Kanada kwa ajili ya tangazo, na yeye pamoja na mkali mwenzake wa Pittsburgh wakatokea kwa kushtukiza na kucheza upande wao.

Kijana C ni wa New Jersey. Huyu alichekwa mpaka basi. Mwembamba, alikuwa anagongwa na kurushwa kama karatasi. Msimu wake wa nne, 2022-23, akamaliza na pointi 99. Waliomcheka siku hizi wanajifanya walikuwa naye tangu mwanzo.

Kwa hiyo aliye juu ya wote wawili kwa umri uleule ndiye anayeitwa garasa. Hesabu za wapi hizo?

"Lakini wakali wa kweli hawakusubiri"

Hapa ndipo wapondaji huwa wanakimbilia, na kwa kweli wana pa kushika. Yule wa Pittsburgh alianza na pointi 102 akiwa na miaka 18, mwaka uliofuata akapiga 120. Yule wa Edmonton alivunjika mfupa wa bega mwaka wa kwanza, akacheza mechi 45 na kupata pointi 48, kisha mwaka wa pili akafikisha 100 na kuzoa tuzo ya mfungaji bora na ya mchezaji bora.

Ukweli usemwe: dogo wa Chicago hayupo kwenye mstari huo. Kutoka pointi 61 mpaka 67, huku akiwa amecheza mechi 14 zaidi, hiyo si kupaa. Goli 22 zikawa 23. Ile mipambano ya kuanzisha mchezo, wawili wanapoinamiana kugombea paki, misimu hiyo miwili alikuwa anapoteza mingi kuliko aliyoshinda. Kurudi nyuma kukaba bado ni shida. Anayemtetea kwa kuyaficha haya naye anadanganya.

Ila tazama wapondaji wanachokifanya. Wamechukua binadamu wawili katika historia nzima ya karibuni, wakawafanya kipimo cha kila mtoto. Kwa rula hiyo hata mwamba wa Denver ni kilaza. Kipimo kinachomfelisha bingwa wa dunia, tatizo ni la kipimo.

Na huyo wa Edmonton hakupaa peke yake. Mwaka ule wa pointi 100 alikuwa na Mjerumani mmoja kando yake aliyepata pointi 77, na timu ikaingia hatua ya mtoano. Kidole kimoja hakivunji chawa, na barafuni wanaingia watano mbele ya kipa.

Chicago walimpa nani?

Hili ndilo swali ambalo wapondaji hawataki kuliuliza, kwa sababu jibu lake linahamisha lawama.

Kabla dogo hajafika, mabosi wa Chicago waliamua kubomoa nyumba. Kiangazi cha 2022 wakamuuza mfungaji aliyetoka kupiga goli 41. Februari 2023 wakamuachia nyota wao mkubwa aende New York. Timu ikazama chini, halafu bahati nasibu ya Mei 2023 ikawapa zamu ya kwanza ya kuchagua. Yaani walifukuza watu wazima wote nyumbani, wakamleta mtoto, wakamkabidhi funguo.

Mkongwe mmoja aliletwa ili acheze pembeni yake. Akaumia goti, msimu ukaisha kwake baada ya mechi kumi. Januari 2024, kule New Jersey, dogo mwenyewe akagongwa na taya ikavunjika. Akakosa mechi 14, akarudi barafuni katikati ya Februari. Mtoto wa miaka 18, taya ndiyo kwanza imepona, timu ipo nafasi ya pili kutoka mwisho. Na bado akaongoza wageni wote wa ligi kwa pointi na kubeba tuzo ya Calder, ya mchezaji bora mgeni.

Mwaka wa pili, Desemba, kocha akafukuzwa. Timu ikamaliza tena nafasi ya pili kutoka mwisho. Msimu wa tatu aliuanza na kocha wa tatu. Misimu yote miwili dogo ndiye aliyeongoza Chicago kwa pointi. Sasa kama anayeongoza darasa ni garasa, hao wengine waitweje?

Wapondaji wanapenda sana ile hesabu ya kujumlisha na kutoa: timu zikiwa na watu sawa barafuni, wenzako wakifunga unaongezwa moja, mkifungwa unakatwa moja. Dogo alipata hasi 44 mwaka wa kwanza na hasi 36 mwaka wa pili. Zinatisha, sawa. Lakini hiyo namba inampa adhabu ileile aliyekosea na aliyesimama jirani yake. Ukikaa muda mrefu kuliko wenzako kwenye jahazi linalovuja, utalowa kuliko wenzako. Kuna makosa yake humo ndani, na kuna makosa ya jahazi.

Na huyo wa San Jose?

Hapa watu wanapigwa changa la macho mchana kweupe. Dogo wa San Jose, namba moja wa 2024, alimaliza mwaka wake wa kwanza na pointi 63 kwa mechi 70. Ni mzuri, hakuna ubishi. Anakaba vizuri, ana kifua, anacheza kama mtu mzima. Inawezekana kabisa mwisho wa safari akawa yeye ndiye mkubwa kuliko wote.

Ila posti zinazosambaa zinaweka mwaka wake wa kwanza pembeni ya mwaka wa pili wa mwenzake, halafu zinatangaza mshindi. Weka mwaka wa kwanza kwa mwaka wa kwanza basi. San Jose: pointi 63, mechi 70. Chicago: pointi 61, mechi 68. Gawanya. Wote wawili wanakuja kwenye 0.90 kwa mechi. Tofauti haijazi hata kijiko cha chai, na mmoja kati yao alivunjwa taya katikati ya safari.

Tena timu zao zote mbili zilikuwa mkiani, kwa hiyo kisingizio cha timu mbovu kinawafaa wote wawili, na sifa za kubeba mzigo pia ni za wote wawili. Kumchagua mmoja awe shujaa na mwingine awe kichekesho, huku namba zao zikifanana, huo si uchambuzi. Ni kutafuta laiki.

Kinachoumiza zaidi

Dogo alitimiza miaka 20 Julai 2025. Ishirini. Wengi wanaomponda kwa umri huo walikuwa wanaomba nauli nyumbani. Yeye amebeba jina la klabu nzima, amevunjwa taya hadharani, na kila usiku akipoteza paki kuna mtu anakata klipu.

Kukosoa ni haki. Mwambie aongeze kasi ya miguu, ajifunze kukaba, ashinde mipambano ya katikati, aache kutaka kufanya kila kitu mwenyewe. Hayo ni ya kweli, na akiyapuuza yatakuwa dari yake. Asiposogea, maswali yatakuwa makali zaidi na atastahili kuyajibu.

Lakini neno "kafeli" lina maana yake. Kufeli ni mtihani uliokwisha. Huu wa kwake, kufikia Julai 2025, ulikuwa na karatasi mbili tu zilizosahihishwa, na katika zote mbili, kwa wastani wa pointi kwa mechi, aliwazidi watu ambao leo wanaitwa mabingwa. Anayetangaza matokeo sasa hivi ajiandae, maana skrinshoti hazina huruma, na wale waliomzika mwamba wa Denver mwaka wake wa nne hadi leo wanafuta posti zao kimyakimya.

Haya wadau, namba ziko mezani. Kijana A, B au C: nani garasa? Shusha jibu lako hapo chini, na uje na hesabu.