Makato ya mwaka jana yako wapi?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliokimbia Bijombo, leo nasema na wakubwa wa kazi.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iko wazi. Kwa pensheni, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, patroni anaongeza 5 yake, na patroni ndiye anayepaswa kuzifikisha zote CNSS. Anayelipwa franga 300.000 anakatwa 15.000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 180.000. Zikibaki mfukoni mwa patroni, huo ni wizi.

Watatuambia: «Mwaka jana kulikuwa vita.» Ndiyo, ilikuwako. Lakini kukata hakukusimama! Deni la michango halifi mwaka ukiisha. Lipeni hata kwa kuchelewa, na kila mwezi uandikwe kwa jina la aliyeutumikia. Pensheni inadai umri wa miaka 60 na miezi 180 ya michango. Anayekosa miezi 12 ya mwaka jana atafanya kazi mwaka mwingine mzima ili aijaze.

Tena msiwadai waliokimbia fishi za malipo. Walibeba watoto, hawakubeba makaratasi. Daftari ya mishahara iko kwenu: ifungueni.

Nanyi wafanyakazi, andikeni miezi mliyofanya, tafuteni wenzenu wa kushuhudia, mwende pamoja kuuliza CNSS. Wakubwa wakikataa, inspekta wa kazi yuko kwa ajili hiyo.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha nani?