Kuketi Upande

Msomaji, simama kando ya barabara itokayo Bungoma kwenda Bumula, utazame pikipiki zipitazo. Mwanamume aliyepakiwa huketi mguu mmoja kulia na mmoja kushoto. Mwanamke aghalabu huketi upande, miguu yote miwili ikining'inia pamoja, kikapu mapajani, na pengine mtoto mgongoni. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa neno moja: heshima. Neno hilo ni zuri, lakini hapa linatumiwa vibaya, nami nakusudia kulipinga.

Desturi ya namna hii ni kongwe kuliko pikipiki. Katika Ulaya ya zamani wanawake wa jamaa bora waliketi upande juu ya farasi, kwa ajili ya nguo zao ndefu na kwa kuogopa maneno ya watu. Hapo kwanza tandiko lao lilikuwa mfano wa kiti chenye kibao cha kuwekea miguu. Mpandaji hakuweza kumwongoza mnyama, ikambidi mtumishi amshikie hatamu. Baadaye likatiwa pembe ya kupitishia mguu wa kulia, na mnamo miaka ya 1830 ikaongezwa pembe ya pili ya kukazia paja la kushoto. Ndipo mwanamke alipoweza kukimbiza farasi na kumrusha juu ya viunzi. Lakini angalia: alifunzwa kwanza, uso wake ulielekea mbele, alikuwa na pembe mbili za kumzuia, kikuku cha kukanyagia, na hatamu mkononi mwake.

Je, mama aketiye upande juu ya pikipiki anacho kipi katika hivyo? Hana pembe, hana kikuku, wala hatamu. Dereva akifunga breki ghafula, mwili wake husukumwa mbele, na mapaja hayana cha kubana. Gurudumu likiingia shimoni, hutupwa chini upande ule ule iliko miguu yake. Uzito wake nao haukugawanyika sawasawa, hata dereva hulazimika kushindana nao katika kila kona. Isitoshe, pindo la leso huweza kunaswa na gurudumu. Waliobuni tandiko la upande waliitambua hatari wakaitafutia dawa. Sisi tumeichukua hatari, dawa tukaiacha.

Wako wasemao kwamba mama zetu waliketi hivyo juu ya baiskeli na hawakudhurika. Ni kweli kwamba bodaboda zilianza kwa baiskeli huko Busia mpakani, na baiskeli yenye mzigo haiendi mbio. Lakini mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, nazo zikaenea vijijini. Chombo kikabadilika, mwendo ukabadilika, ila namna ya kuketi ikabaki ile ile.

Wengine watanena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nami nauliza: mila ni kusitiri mwili, au ni kuuvunja? Kama shida ni nguo, dawa yake ni nguo. Sketi pana yenye suruali ndani yake, na leso iliyofungwa vizuri juu, humsitiri mwanamke hata akutane na mkwewe njiani. Shule inayomtaka msichana avae sketi ya kubana, huku ikijua kwamba asubuhi atapanda pikipiki, imempa mtihani usio katika vitabu.

Wala usidhani kwamba kupanua miguu humvunjia mwanamke hadhi. Mwaka 1952, huko Helsinki, Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilikuwa imempooza miguu chini ya magoti, aliketi hivyo juu ya farasi, akapata nishani ya fedha ya Olimpiki akishindana na wanaume. Na Uingereza, ambako mabibi wengi waliketi upande hapo kale, sheria ya barabara ya mwaka 1988 inamkataza mwendesha pikipiki kumpakia abiria asiyeketi mguu huku na mguu huku.

Basi, ewe msichana usomaye, uketi sawasawa, uvae kofia ya chuma, na mwenye kucheka umwache acheke. Nawe kijana, ukiwa dereva kesho, usimwondoe abiria wako mpaka ameketi vema. Heshima ya mama ni kufika nyumbani mzima.