Kabla ya mkopo wa mashine, jua kunoa

Vijana wa karakana tunaambiwa shida ni mtaji. Si uongo. Lakini kabla hujakopa pesa za mashine ya kupiga msasa, jiulize: unajua kunoa skrepa? Ni kibamba chembamba cha chuma tu. Hata msumeno wa mkono uliozeeka ukiukata unapata kadhaa.

Kazi iko kwa makali. Nyoosha ukingo kwa tupa, kisha usugue kwenye jiwe hadi alama za tupa ziishe. Ukandamize kwa chuma kigumu zaidi, kama mgongo wa patasi, hadi ujikunje kidogo. Jicho halioni, kidole kinahisi. Sasa shika kwa mikono miwili, pinda kwa vidole gumba, sukuma. Ikitoa maranda membamba, uko fiti. Ikitoa vumbi, rudi ukanoe.

Mbao kama mvule, nyuzi zake hupishana, na randa huzing'oa. Skrepa kali huzikata bila kuzing'oa. Msasa nao unaisha, unanunua tena, na vumbi lake unalivuta wewe.

Mteja haulizi una mashine gani. Anapitisha kiganja juu ya meza. Basi wiki hii mtafute fundi mzee akuonyeshe; mkopo utaungoja.