Ndama Si Mwizi wa Maziwa

Wewe uliyewanunulia wazazi ng'ombe huko ushago, kila jioni unapiga simu kuuliza, "Leo ametoa lita ngapi?" Ndama amekunywa ngapi, hilo huulizi. Ng'ombe alipozaa tu, ulishapiga hesabu mpaka ya mchango wa chama, na ndama akaingia upande wa hasara.

Ndama huzaliwa karibu bila kinga ya maradhi, kwa sababu ya mamake haimfikii akiwa tumboni. Huipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na lazima ayanywe saa chache za kwanza. Wiki zinazofuata nyasi hazimsaidii sana, maana tumbo la kucheua bado halijakomaa. Ndama wa kilo 40 anataka kama lita 4 kwa siku. Si kikombe kilichoongezwa maji, boss.

"Na karo je?" Karo ni kweli, na sisemi mama asiuze maziwa. Nasema agawe. Wamaasai wanajua kugawa tangu zamani: chuchu mbili unakamua, mbili unamwachia ndama. Wengine humtenga usiku, wakakamua asubuhi, kisha akashinda na mamake mchana. Akinyonya baada ya kukamua hupata yale ya mwisho, yenye mafuta zaidi. Tena ng'ombe wetu wa kienyeji ana msimamo wake: asipomwona ndama, maziwa hayashuki. Ndiyo maana ndama akifa, wafugaji wengine humletea mama ngozi yake ainuse.

Mtamba aliyelishwa vizuri anaweza kuzaa akiwa na miezi 24 hivi. Uliyemnyima maziwa utamlisha hata zaidi ya miaka 3 kabla hujaona tone, halafu utalaumu mbegu uliyouziwa. Eti hiyo ndiyo biashara.

Akizaliwa dume ndiyo mambo huharibika kabisa. Hata pongezi hakuna. Anafungwa kamba hatua tatu kutoka kwa mamake, akisikia maziwa yakigonga ndoo, na akifa baada ya wiki mbili watu wanasema alikuwa mgonjwa. Mgonjwa wa nini, bana? Alikufa njaa, na kila mtu hapo bomani anajua. Kama huna nia ya kumlea, mnyweshe dang'a yake, mpe maziwa yake, kisha muuzie jirani angali na nguvu za kusimama.